Acheni kuhamisha nyumba kwa ajili ya mashindano

Juzi tena mtu kaniuliza, naishi kwenye boti ya matanga, nataka kuingia mashindano ya kirafiki, nishushe nini? Jamani! Msimu huu huyu ni wa nne, na anayefuata najua nitamkuta ameshaanza kubeba maboksi ya vitabu kupeleka gatini. Mimi nashindana na nyumba yangu ikiwa na kila kitu ndani, na uzito unaouogopa sio unaokuchelewesha.

Piga hesabu. Boti ya futi 38 ambayo watu wanaishi humo, tani 10 haikosi. Ukishusha vitabu, zana na cherehani umepunguza labda kilo 150, yaani asilimia moja na nusu. Na boti ya mkuku mzito (ule uti wa chini wa boti) ina dari ya kasi: chukua urefu wa mstari wa maji, yaani urefu wa boti pale inapokata maji, kwa futi, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 1.34. Futi 30 zinakupa noti (maili za baharini kwa saa) 7.3 hivi, vitabu viwepo visiwepo.

Sasa vaa miwani uzame chini. Mara ya mwisho mimi ubavuni niliona pasafi kabisa, nikajisifu, kufika kwenye propela nakuta magamba yamejazana kila panga mpaka shaba haionekani, nikakwangua nusu saa nzima vidole vikichubuka. Propela ya mapanga matatu isiyokunjika ni breki hata ikiwa safi, sembuse ikiota magamba. Hiyo nusu saa ina faida kuliko kushusha maktaba yote.

Uzito una kesi moja tu ya kweli, nayo ni pale ulipokaa. Mnyororo wa nanga wa milimita 10 una kilo 2.3 hivi kwa mita, kwa hiyo mita 60 ni karibu kilo 140 na zote zimerundikwa kwenye omo, mbele kabisa ya boti! Ukiwa unabisha, yaani unapanda kuelekea upepo kwa kukata huku na huku, kwenye mawimbi, omo inazama, inainuka, inazama tena, na kila ikizama mwendo unakufa. Kwa hiyo mimi naacha nanga na mita 15 za mnyororo na kamba yake tayari kwa dharura, zinazobaki nazilaza katikati juu ya mkuku. Fanya hivyo mapema, maana ukishaingia mashindanoni kanuni ya 51 ya World Sailing, shirikisho la dunia la mchezo wa matanga, inakataza kuhamisha uzito ili kubadilisha mkao wa boti. Kanuni hiyohiyo inataka mbao za sakafu, milango na matangi ya maji yabaki mahali pake, kwa hiyo nyie mnaong'oa sakafu mnavunja sheria kabisa.

Halafu kuanza. Boti nzito ikisimama haiamki haraka, ndo maana usiende kusubiri karibu na mstari kama wale wa boti nyepesi. Kaa mbali, tembea muda wote, pima sekunde zako mpaka mstarini mara mbili tatu, ufike ukiwa na kasi. Bendera ya dakika 4 kabla ya kuanza ikipanda injini iwe imezimwa, labda maelekezo ya siku hiyo yaseme vingine. Anayepata upepo kutoka kulia ana haki ya kupita kuliko anayeupata kutoka kushoto, hilo unalijua.

Kuhusu fidia ya muda, kila boti ina namba yake ya PHRF, yaani sekunde za fidia kwa kila maili: mwenye 180 anapewa sekunde 60 zaidi kila maili kuliko mwenye 120, kwa maili 10 ni dakika 10 nzima. Wanasema hapo haki imetendeka. Mimi hapo nina wasiwasi, na nausema wazi, kwa sababu mara nyingi ni namba moja kwa pepo zote: upepo wa noti 6 boti ya kuishi haifiki kabisa kwenye namba yake, upepo wa noti 18 inaifikia bila shida. Matokeo ya siku ya shwari usiyapime kwa moyo wako.

Na kama lazima ushushe kitu, shusha dingi, kile kiboti kidogo cha kwendea pwani. Ile inayoning'inia tezini, nyuma ya boti, inakamata upepo wakati wote unapokwenda joshi, yaani kuelekea upepo. Ifunge kwenye boya lako, utaikuta jioni.