Siku Moja ya Kurekodi, Siku Nne za Kuhariri

Katika kila kamati ya harusi hapa Mwanza huwa yupo mjumbe mmoja, aghalabu mweka hazina, ambaye hufungua profoma yangu, yaani karatasi ya makadirio ya bei, na kuanza kuipigia hesabu mbele ya wenzake. Hoja yake huwa ni ileile: "Dada, wewe unakuja Jumamosi asubuhi nyumbani kwa bibi harusi, unaondoka ukumbini saa 6 usiku. Hiyo ni siku moja. Mbona bei yako ni ya mtu aliyefanya kazi wiki nzima?" Katika miaka yangu ya mwanzo swali hilo lilinishinda, nikawa napunguza bei palepale kwa haya. Siku hizi nalipokea vizuri, kwa sababu ni swali la haki, na kwa sababu nilipotafuta jibu lake kwa kalamu na karatasi ndipo nilipoanza kuishi kwa kazi ya video bila kuajiriwa na mtu.

Tuchukue harusi ya kawaida. Nikienda na kamera 2, na kila moja ikirekodi jumla ya saa 4 hivi tangu maandalizi, ibada, picha za ufukweni hadi sherehe ukumbini, narudi kwangu Nyakato nikiwa na saa 8 za video. Kwa kiwango cha megabiti 50 kwa sekunde, ambacho kinatosha kwa picha safi ya HD, saa moja ya video hula takriban gigabaiti 22.5, kwa hiyo harusi hiyo moja ni gigabaiti 180. Kuzitazama tu ni siku nzima ya kazi, na hakuna njia ya kuikwepa siku hiyo, kwa kuwa tabasamu la mama mzazi huonekana kwa sekunde 3 katikati ya dakika 40 ambazo hazina kitu. Baada ya hapo nazilinganisha kamera mbili kwa kufuata sauti, nachagua, nakata, napanga, nasawazisha sauti za MC na za kwaya ambazo hazikupishana vizuri, narekebisha rangi ya ukumbi uliojaa taa za zambarau, kisha naitoa filamu na kusubiri maoni ya kamati. Hizo ni siku 4 za kuhariri, ukiongeza na ile moja ya kurekodi zinakuwa 5. Mjumbe wa kamati huiona hiyo moja tu kwa sababu ndiyo aliyonikuta nimesimama na kamera.

Bei ya siku nayo haipatikani kwa kuuliza jirani anatoza kiasi gani. Mimi huanza na maisha yangu. Tuseme kodi ya nyumba, chakula, umeme, bando, nauli na ada ya mtoto vinafika shilingi 900,000 kwa mwezi. Tuseme tena kamera, lenzi, maikrofoni na kompyuta vina thamani ya shilingi 7,200,000 na vitanitumikia miaka 4 kabla ya kuchoka. Hapo lazima kila mwezi nitenge shilingi 150,000 za kununulia vingine, la sivyo kifaa kitakufa na kazi ife nacho. Jumla ni shilingi 1,050,000. Swali gumu ni la siku: mwezi una siku 26 za kazi, lakini siku ambazo mtu ananilipa hazizidi 12, kwa kuwa nyingine zinakwenda kwenye vikao, kufuatilia madeni, kutengeneza profoma ambazo hazitajibiwa, na kukaa bila kazi katika Kwaresima, ambapo harusi za Wakatoliki hupungua sana. Ukigawanya kwa 12 unapata shilingi 87,500 kwa siku, na harusi ya siku 5 haiwezi kushuka chini ya shilingi 437,500, kabla sijamlipa kijana wa kamera ya pili na kabla sijaweka akiba yoyote. Anayegawanya kwa 26 atapata bei ya kupendeza itakayowavutia wateja wengi, naye atashangaa mbona kila mwezi anakopa.

Nililijua hilo kwa kuumia. Kuna msimu mmoja, kati ya Pasaka na Desemba, nilipokea harusi 9 kwa bei ya siku moja moja, nikiamini kwamba wingi wa kazi ndiyo mafanikio. Kufikia Oktoba nilikuwa na siku zaidi ya 30 za kuhariri ambazo hakuna aliyekuwa amezilipia, huku fedha za kianzio zimekwisha. Filamu za watu nilizikabidhi zikiwa zimechelewa miezi mitano, na nyumba zile ambazo zingenitangaza kwa ndugu zao zikanyamaza. Tangu wakati huo, mteja akiwa na fedha pungufu, sipunguzi bei ya siku bali napunguza siku zenyewe: tunatumia kamera moja, au tunatengeneza filamu ya dakika 15 badala ya ile ya saa 2. Nimegundua kwamba watu wengi, ukiwaeleza kwa utulivu, huichagua hiyo fupi kwa moyo mkunjufu.

Kwa anayeanza akiwa na kompyuta tu bila kamera, ningemshauri asikope ili anunue kamera. Wapo wapiga picha wengi Sengerema, Geita, Magu na Bunda wanaopenda kurekodi na kuchukia kukaa mezani kuhariri, na wengine wana harusi za mwaka jana ambazo hawajazigusa. Waharirie. Programu kama DaVinci Resolve ina toleo la bure ambalo linatosha kabisa kwa kazi hizo. Diski zao hunifikia kwa basi, na jambo hilo huwashangaza wanaodhani kazi hii yote hufanyika kwa intaneti. Lakini gigabaiti 180 kwenye intaneti inayopakia megabiti 20 kwa sekunde huchukua saa 20 mfululizo, ikiwa umeme haujakatika, ilhali basi kutoka Sengerema ni safari ya asubuhi moja. Zamani diski ilisubiri kivuko pale Kigongo na Busisi pamoja na abiria na magari. Tangu Juni 2025, Daraja la J. P. Magufuli lilipofunguliwa juu ya ghuba ya Ziwa Victoria, mteja wa upande wa pili amekuwa kama jirani. Kuhariri kazi za wengine kunafundisha pia kurekodi, maana utaona kwa macho yako kila kosa linavyomtesa anayekaa mezani.

Kosa linalotesa kuliko yote hapa kwetu ni sauti. Picha yenye mtikisiko kidogo mtu ataivumilia, lakini mahojiano yaliyomezwa na upepo hayaponi. Ziwa lina mwendo wake: mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu hupanda, na upepo kutoka ziwani huja kuijaza nafasi hiyo, ukizidi kadiri alasiri inavyosogea, usiku mwelekeo hugeuka. Kwa sababu hiyo mahojiano ya Mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, au ya fukwe za Ilemela nayafanya kabla ya saa 4 asubuhi, maikrofoni ikiwa imevishwa manyoya ya kuzuia upepo, na mzungumzaji akiwa ameupa upepo mgongo. Hiyo saa ya asubuhi ina faida ya pili, kwamba jua halijafika utosini. Tuko karibu na ikweta, na jua la mchana juu ya miamba ya Mwanza huufanya mwamba ung'ae na uso wa mtu uwe giza. Jioni jua huzama karibu na saa 1 kasoro usiku, tena huzama wima na kwa haraka, kwa hiyo maharusi waliochelewa kutoka kanisani hawatapata ile picha waliyoiota ya Jiwe la Bismarck, ule mwamba uliosimama ziwani. Nawaambia hivyo kwenye kikao cha kwanza ili ratiba ya siku ipangwe kwa kufuata jua.

Ujuzi wa namna hii ndio bidhaa ambayo mfanyakazi huru wa pembezoni mwa ziwa anaweza kuiuza na asishindwe na kampuni kubwa ya Dar es Salaam. Shirika moja liliniletea ratiba ya siku 3 za kurekodi uvuvi wa dagaa usiku. Nilipofungua kalenda niliona siku zote tatu zimeangukia mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa kuvutwa na mwanga wa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, na wavuvi wengi huvuta mitumbwi ufukweni, wakashona nyavu na kupumzika hadi giza lirudi. Tukasogeza kazi kwa wiki mbili, tukapata usiku ambao ziwa lilikuwa limejaa taa mithili ya mji, na alfajiri tukarekodi akina mama wakinunua na kuanika. Laiti ratiba ile ingefuatwa, shirika lingelipa mafuta, boti na posho kwa ajili ya mitumbwi iliyolala. Kazi nyingine tatu kutoka kwao zimetokana na ule usogezaji wa tarehe, wala si ubora wa kamera yangu.

Kazi za kwaya zinadai umakini wa aina nyingine. Wanakwaya hupanda kwenye miamba, sauti iliyorekodiwa studio ikapigwa kwenye spika, nao wakaimba na kucheza kwa kuifuata. Midomo isipolingana na sauti hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, kila muumini ataona. Hapa Tanzania nafanya kazi kwa fremu 25, yaani picha 25 zinazofuatana, kwa sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na taa nyingi za kumbi hupepesa mara 100 kwa sekunde; ukiweka shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu, kwenye 1/50 au 1/100 ya sekunde picha hutulia, ukiweka 1/60 utaona mistari ikitembea ukutani. Tatizo huja mtu anapoongeza klipu za simu. Simu nyingi hurekodi kwa fremu 30 na tena idadi hiyo hupanda na kushuka kadiri mwanga unavyobadilika, hivyo wimbo wa dakika 5 huanza sawasawa na kuishia midomo ikiwa nyuma ya sauti. Klipu za simu lazima zigeuzwe kwanza ziwe na kasi isiyobadilika, ndipo ziingie mezani. Hilo nalo ni nusu siku, na linaandikwa kwenye profoma.

Kwaya pia ndiyo iliyonifundisha kuandika kifungu cha marekebisho. Mwalimu wa kwaya alitaka sauti ya nne ionekane zaidi, mchungaji alitaka kanisa lionekane zaidi, mfadhili akataka aonekane yeye, na kila mmoja alinipigia simu kwa wakati wake. Sasa mkataba wangu, ambao ni kurasa mbili za Kiswahili kinachosomeka, unasema kwamba msemaji ni mmoja, maoni yanaandikwa pamoja na dakika na sekunde ya mahali yanapohusika, na marekebisho ni ya awamu 2. Awamu ya tatu inalipiwa kama siku ya kazi. Nusu ya malipo hulipwa kabla sijatoka nyumbani, na iliyobaki kabla sijatoa nakala isiyo na maandishi ya jina langu juu ya picha.

Mambo ya sheria nayataja kwa kifupi. Pata namba ya mlipakodi mapema, maana taasisi hazitakulipa bila hiyo, na zikikulipa zitakata asilimia 5 ya kodi ya zuio. Dai cheti chake, kwa kuwa fedha hiyo inahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, nasi uwanja wetu wa ndege uko kando ya ziwa ndani ya Ilemela, kwa hiyo mimi humkodi mwenye kibali badala ya kubahatisha. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa, usiende na kamera ya biashara bila ruhusa. Wimbo wa msanii una mwenyewe chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, hata ukiwa umepigwa ukumbini na DJ uliyemlipa.

Nililoliacha mwisho ni utunzaji, nalo ndilo ninaloliangalia kwanza ninapotaka kumpa mtu kazi. Kadi ya kumbukumbu haifutwi hadi video iwe kwenye diski 2, na diski hizo hazilali nyumba moja. Ya pili hukaa kwa dada yangu Buhongwa. Miaka kadhaa baada ya harusi moja, bwana harusi alinipigia simu usiku akaniambia baba yake amefariki, na akaniuliza kama ile hotuba ya mzee bado ipo. Kwenye filamu niliikata ikabaki dakika 2, kwa sababu kamati ilitaka ngoma na keki. Kwenye video ghafi ilikuwapo yote, dakika 11, mzee akichanganya Kisukuma na Kiswahili, akiwataja mababu mmoja mmoja, na maikrofoni ya ukumbi ikikatika mara mbili. Nilimpa yote bila kugusa kitu, wakaisikiliza msibani. Siku hizi mkataba wangu una kifungu kinachosema kwamba video ghafi nazitunza kwa miaka 2 bila malipo, na kabla ya kuzifuta nampigia mteja ili alete diski yake aje kuzichukua.