Kura ya Colorado haikufuta sheria ya Marekani

"Colorado walishapiga kura, bangi ni halali, nani ataniuliza?" Kauli hii husikika kwa wahamiaji wengi Marekani, na ukweli wake ni nusu.

Kura ya maoni ya Novemba 2012, maarufu kama Marekebisho ya 64, ilibadilisha katiba ya jimbo: mwenye miaka 21 na zaidi akaruhusiwa kuwa na hadi aunsi moja, yaani kama gramu 28. Sheria ya shirikisho (yaani ya serikali kuu ya Marekani) ya 1970 kuhusu dawa za kulevya, inayokataza bangi, haikuguswa, maana wapiga kura wa jimbo hawana uwezo wa kuifuta.

Na mambo ya uhamiaji huamuliwa kwa sheria ya shirikisho. Mwaka 2019 idara inayoshughulikia uraia ilieleza waziwazi kwamba kujihusisha na bangi, hata katika jimbo lililoihalalisha, kunaweza kumfanya mwombaji wa uraia aonekane hana mwenendo mwema unaotakiwa. Wavutaji hawako peke yao hapa: hata kuajiriwa katika duka lenye leseni, linalolipa kodi (hili ndilo huwashtua wengi), kunaweza kukwamisha ombi.

Katika mijadala ya kura hizi, raia hubishana kuhusu kodi, afya na magereza. Mwenye grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu) hapigi kura hiyo, ila swali la ofisa wa uhamiaji linamsubiri yeye.