Je, wajua kwa nini Warumi walifundisha kilimo kwa mashairi?

Wasifu wa kale wa mshairi Virgil unasimulia kwamba mwaka 29 KK alimsomea Octavian, mtawala mpya wa Roma, shairi refu kwa siku nne mfululizo. Sauti ilipomkauka, Maecenas, tajiri aliyekuwa mfadhili wake, alimpokea akaendelea kusoma. Octavian, ambaye baadaye aliitwa Augustus, alikuwa ametoka kuwashinda Antony na Cleopatra, na mtu angedhani atasomewa habari za mapanga na merikebu. Alichosomewa ni habari za samadi na majivu, mizabibu, kondoo wenye upele, na mahali pa kuweka mizinga ya nyuki.

Shairi hilo, Georgica, lina mishororo 2,188 katika vitabu vinne: nafaka na dalili za hali ya hewa, kisha miti na mizabibu, kisha mifugo, mwisho nyuki. Inasemekana lilimchukua miaka saba, yaani hata mshororo mmoja kwa siku haukutimia.

Kwa nini basi mambo ya shamba yatungiwe shairi? Aliyekulia kwenye tenzi hatashangaa sana, kwani pwani yetu nayo imeweka dini, ndoa na adabu katika beti, na maneno yenye mizani hayamtoki mtu kichwani kirahisi. Warumi hawakutumia vina, mizani yao ilipangwa kwa silabi ndefu na fupi, lakini faida ilikuwa ile ile. Kulikuwa pia na suala la ushindani. Mgiriki Hesiod, karne nyingi kabla, alitunga shairi la kumfunza ndugu yake Perses kazi za shamba, na mshairi wa Kirumi aliyetaka jina ilimbidi apimane nguvu na Wagiriki. Tena habari za ardhi zilikuwa kidonda kibichi. Baada ya vita vya Philippi, mwaka 42 KK, wakulima wengi wa Italia walinyang'anywa mashamba ili wagawiwe askari waliostaafu. Mantua, kwao Virgil, haikusalimika, na katika shairi hili hili anayataja mashamba ambayo mji huo uliyapoteza.

Hizo ni sababu za kutunga. Kinachonivutia zaidi ni kama mafunzo yenyewe yana maana shambani, na hapo kitabu cha pili ndicho kinachostahili kusomwa polepole.

Unataka kujua udongo wako ni mzito au mwepesi? Virgil anakwambia uchimbe shimo refu kwenda chini, halafu urudishe udongo wote ndani na uukanyage kwa miguu. Ukipungua, usiufikie ukingo wa shimo, huo ni udongo mwepesi, utafaa malisho na mizabibu. Ukikataa kuingia wote, ukabaki umerundikana juu, huo ni mzito. Tayarisha ng'ombe wenye nguvu, maana madongoa yake yatakusumbua, ila nafaka itakubali. Hakuna uchawi hapo. Udongo wa mfinyanzi ulioshikamana ukishachimbwa huvunjika mabonge ambayo hayarudi kukaa kama yalivyokuwa, na nafasi kati yake huongeza ujazo. Ule wenye mchanga mwingi hushindiliwa kirahisi ukajaa nafasi zake.

Wa chumvi nao una kipimo chake. Teremsha kutoka kwenye dari lenye moshi matenga yaliyosukwa kwa fito na vichujio vya kukamulia zabibu, jaza udongo, mimina maji baridi ya chemchemi, kanyaga. Matone makubwa yatapenya kwenye fito. Yaonje: yakiwa na chumvi, ule uchungu utaukunja uso wako na jibu umelipata. Maabara za leo nazo huuloweka udongo, huchuja maji yake, kisha hupima jinsi maji hayo yanavyopitisha umeme, kwa sababu chumvi ndiyo inayoyafanya yapitishe. Kilichobadilika ni kwamba ulimi umepumzishwa.

Kuhusu kuzungusha mazao, habari zimo kwenye kitabu cha kwanza. Anamshauri mkulima apande ngano pale alipokwisha kuvuna jamii ya mikunde yenye maganda yanayochakarika, na anaonya kwamba kitani, oti (nafaka ya kulishia farasi) na afyuni huunguza shamba. Ni mwishoni mwa karne ya 19, miaka ya 1880, ndipo wanasayansi walipothibitisha kwamba bakteria walio kwenye vinundu vya mizizi ya mikunde huchukua nitrojeni ya hewani na kuirutubishia ardhi. Virgil hakujua nitrojeni ni nini. Wakulima aliowaona walijua tu kwamba baada ya mikunde ngano hushika vizuri.

Asionekane mtakatifu. Katika mshororo mmoja anamwambia mkulima alime uchi na apande uchi, kwa kukusudia kwamba kazi hiyo ifanywe kabla baridi haijaanza. Watu wa zamani wanasimulia kuwa msikilizaji mmoja alimkatiza akaumalizia mshororo kwa mizani ile ile: utapata homa ya baridi! Kwa maoni yangu huo ndio uhakiki mfupi bora kuliko wote aliowahi kufanyiwa.

Kwenye nyuki ndiko anakopatia sana na kukosea sana kwa pamoja. Mizinga iwekwe mahali pasipopigwa na upepo, mbali na mijusi, keremkerem na mbayuwayu. Iwe karibu na maji, na ndani ya maji hayo utupe mawe makubwa na matawi yaliyolala, nyuki wapate pa kusimama na kuanika mabawa wakilowana. Mfugaji yeyote wa nyuki leo atakubali ushauri huo bila kubadili neno, kwani nyuki huzama kweli kwenye chombo chenye kingo laini. Lakini Virgil anamwita mkuu wa mzinga mfalme, kama watu wengi wa zama zake. Ilibidi Mholanzi Jan Swammerdam, katika karne ya 17, ampasue chini ya hadubini ndipo ovari zionekane na mfalme awe malkia. Vibaya zaidi, anaeleza jinsi ya kupata nyuki wapya kwa kumwua ndama dume wa miaka miwili, kumfungia kwenye kibanda chembamba na kusubiri wachipuke kutoka kwenye mzoga. Usijaribu. Utapata nzi na ugomvi na majirani.

Kosa la namna hiyo ndilo lililomfanya mwanafalsafa Seneca, karibu miaka 90 baadaye, aseme kwamba Virgil hakutaka kuwafundisha wakulima, alitaka kuwafurahisha wasomaji. Ushahidi wake aliuona kwa macho. Virgil anasema maharage hupandwa majira ya machipuko na mtama mdogo wakati huo huo. Seneca, akiandika barua mwishoni mwa Juni, anasema siku hiyo hiyo amewaona watu wakivuna maharage na wengine wakipanda mtama.

Sikubaliani naye moja kwa moja. Columella, mzaliwa wa Gades huko Hispania, aliishi zama hizo hizo na alikuwa na mashamba yake mwenyewe, na katika vitabu vyake 12 vya kilimo anamtaja Virgil tena na tena kama mtu wa kutegemewa. Hata kile kipimo cha shimo anakirudia. Ila Seneca alikuwa na hoja kuhusu wasomaji. Walioshika jembe kwenye mashamba makubwa ya Italia wengi wao walikuwa watumwa, nao katika Georgica hawaonekani kabisa. Mkulima wa Virgil anatoka jasho peke yake. Varro, aliyeandika kitabu cha kilimo cha nathari mwaka 37 KK, alisema waziwazi kwamba kuna waliogawa vifaa vya shamba mafungu matatu: visivyo na sauti kama mikokoteni, vyenye sauti nusu kama ng'ombe, na vinavyosema, yaani watumwa.

Columella mwenyewe anatuachia jibu zuri la swali letu. Virgil alikuwa amesema hana nafasi ya kuelezea bustani, anawaachia watakaokuja. Columella akalichukua deni hilo: kitabu chake cha 10, kuhusu mboga na maua, akakitunga kwa shairi, ingawa vingine vyote ni nathari. Kisha mtu mmoja aitwaye Claudius Augustalis akamwomba aieleze bustani hiyo kwa nathari, na katika kitabu cha 11 akaieleza upya, mwezi gani upande nini na kwa kina gani, ndani ya kitabu kinachohusu kazi za nyapara wa shamba.