Je, wajua kwa nini rubani wa miaka 55 huiona meli baharini lakini hasomi altimita, kipimo cha kimo cha ndege?

Mkalishe mtu wa miaka 55 pale Mama Ngina, ufukweni Mombasa. Ikiwa macho yake ya mbali ni mazima, meli inayoingia bandari ya Kilindini ataiona sawasawa. Mpe simu asome ujumbe, ataisogeza mbali mpaka mkono uishe. Si ugonjwa. Ndani ya jicho mna lenzi laini iliyozungukwa na msuli. Kijana akitazama karibu msuli hukaza na lenzi hutuna. Lakini lenzi huongeza matabaka maisha yote bila kuyatupa ya zamani, ikawa ngumu. Msuli unakaza bado, lenzi haitii.

Uwezo huo wa kutuna hupimwa kwa dayopta, na hesabu yake ni nyepesi: gawa 1 kwa umbali wa kitu, kwa mita. Ramani iliyo sentimita 40 inadai dayopta 2.5. Dashibodi iliyo sentimita 75 inadai 1.3. Uwanja wa kutua haudai kitu. Kwenye miaka 55 wengi wamebakiwa na takriban dayopta 1, na kwa kazi ya muda mrefu jicho hutumia nusu tu ya akiba yake bila kuchoka. Basi mtu huyu ana nusu dayopta mkononi, na chochote kilicho karibu kuliko mita 2 kinaanza kumponyoka.

Mwanga nao una sehemu yake. Jua la adhuhuri huibana mboni, na mboni ndogo hunoa picha hata lenzi isipofanya kazi. Ndiyo maana mtu yuleyule husoma vizuri saa sita mchana, magharibi ikamshinda. Miwani ya jua yenye giza sana hufungua mboni na kumnyang'anya msaada huo, halafu analaumu vipimo vya dashibodi.

Shida hii humbana zaidi rubani wa glaida, ndege isiyo na injini, inayovutwa juu kisha ikaachwa ielee. Macho yake yanatakiwa nje karibu muda wote kutafuta ndege nyingine, yashuke kidogo kwenye kipimo cha mwendo na cha kimo, yarudi nje. Na akishaanza kushuka kutua hana injini ya kumnyanyua arudie.

Miwani ya kusomea inayouzwa kando ya barabara haimfai. Yenye +2.50 imepangiwa sentimita 40. Kwa jicho lisilo na kasoro ya mbali, kila kilicho nje ya umbali huo huwa ukungu, dashibodi mpaka uwanja. Viwango vya kimataifa vya usafiri wa anga navyo vinaikataa miwani ya kusomea tupu kwa sababu hiyohiyo.

Kilichobaki ni lenzi zenye zaidi ya nguvu moja. Kwa glaida, bifokali ya kawaida yenye kidirisha chini naiona bora kuliko watu wanavyodhani, mradi kidirisha kisipewe nguvu ya kusomea gazeti. Mpe rubani wetu +1.25 tu: jicho likiwa limepumzika ataona wazi sentimita 80, na kwa ile nusu dayopta yake atafika 57. Dashibodi yote imo humo. Ramani aisogeze kidogo, na masafa ya redio ayaandike kwa herufi kubwa.

Kasoro ni kwamba cheti cha afya cha marubani kina mtihani wake: maandishi madogo ya N5 yasomwe kati ya sentimita 30 na 50, na N14, makubwa zaidi, kwenye sentimita 100. Kidirisha dhaifu kinaweza kukuangusha kwenye N5, kwa hiyo zungumza na daktari wa marubani kabla hujalipa fundi. Ukishindwa, trifokali huongeza ukanda wa kati wenye nusu ya nguvu ya kusomea. Progresivu, lenzi ambayo nguvu yake hubadilika polepole kutoka juu hadi chini, haina mistari, ila pembeni mwa sehemu ya chini picha hupinda. Itabidi ugeuze kichwa badala ya macho. Ivae ukiwa ardhini kwa wiki mbili kabla hujaruka nayo.

Kosa kubwa hutokea dukani. Fundi hupima mteja amekaa wima, ilhali rubani wa glaida huegama nyuma. Mstari wa kidirisha uliokaa vizuri dukani unapanda mbele ya uwanja wa kutua. Chukua futi ya kupimia, keti ndani ya ndege mikanda ikiwa imefungwa, pima kutoka jichoni hadi kwenye kila kipimo cha dashibodi, uandike. Dukani omba uegame vivyo hivyo, fundi aweke alama ya kalamu kwenye lenzi, na kama ana shaka ashushe kidirisha milimita mbili au tatu.

Lenzi za kuvaa juu ya jicho lenyewe zinaruhusiwa zikiwa za nguvu moja na zisizo na rangi, ila hizo hazitibu tatizo la karibu. Mbinu ya jicho moja la mbali na jingine la karibu iache: inaharibu kukadiria kina, nacho ndicho unachokihitaji mita chache juu ya ardhi. Anayefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho aulize kuhusu lenzi za nguvu nyingi zinazopandikizwa jichoni, kwani huleta duara za mwanga kwenye taa za usiku.

Kwa joto la Mombasa, jasho huteremsha fremu, na milimita tatu zinatosha kuharibu vipimo vyote hivyo. Chagua vishikio vya pua vya silikoni na mikono myembamba isiyoziba pembeni. Chumvi ya bahari ioshwe kwa maji baridi kabla ya kufuta, la sivyo kitambaa kinakuwa msasa. Lenzi za polaroidi, zinazokata mng'ao, huzima baadhi ya skrini, kwa hiyo zijaribu kwanza mbele ya vyombo vyako. Miwani ya akiba iwe mfukoni, usiiache kwenye dashibodi juani: joto hupasua utando wa juu wa lenzi.