Kupanua bustani ya jamii inayolisha wasio na makazi: dhana zinazopotosha na ukweli wake

Mtu anayelala kwenye kibaraza cha duka Mwanjelwa jijini Mbeya au pembezoni mwa stendi mjini Iringa mara nyingi hula kwa huruma ya mtu mmoja mmoja: mama lishe anayegawa kilichobaki sufuriani jioni, jirani wa soko anayempa sahani, au nyumba ya ibada inayopika mara moja kwa wiki. Bustani ya jamii, hata ikiwa na matuta machache nyuma ya uzio wa kanisa, msikiti au shule, huipa huruma hiyo mpangilio. Ndiyo maana vikundi vinavyoanza kuvuna vizuri hupata hamu ya kupanua, na hamu hiyo ni njema. Tatizo ni kwamba upanuzi mwingi huharibika kwa sababu wapangaji hulitazama shamba peke yake na kumsahau mlaji, ambaye tofauti na jirani yeyote mwingine hana jiko, hana sufuria wala mahali pa kuhifadhi fungu la mboga hadi kesho.

"Huku ndiko ghala la taifa, hakuna mwenye njaa"

Ni kweli kwamba mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, yaani Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe, Rukwa na Ruvuma huzalisha mahindi, maharage na viazi vinavyolisha sehemu kubwa ya nchi. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mkoa wa Iringa ulikuwa na kiwango cha udumavu (ufupi usiolingana na umri) cha takriban asilimia 57 kwa watoto wa chini ya miaka mitano, huku Njombe na Rukwa zikikaribia asilimia 50, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Takwimu hizo zinahusu watoto wanaoishi majumbani, wengi wao katika kaya zenye mashamba, na hazisemi lolote moja kwa moja kuhusu wanaolala nje. Lakini zinatosha kuonyesha kwamba gunia kujaa ghalani ni jambo moja na sahani kuwa na chakula kinachofaa ni jambo jingine. Mahindi yanaposhuka bei, nafuu humfikia mwenye uwezo wa kununua debe, kulipeleka mashineni na kusonga ugali; anayelala kibarazani haguswi na bei hiyo hata kidogo.

"Kupanua ni kuongeza ardhi"

Hii ndiyo dhana inayogharimu zaidi, na inastahili kupigiwa hesabu. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua, unaoanza kati ya Novemba na Desemba na kufikia tamati kati ya Aprili na Mei. Miezi inayobaki mboga huishi kwa kumwagiliwa. Mboga za majani zinaweza kuhitaji milimita nne hadi tano za maji kwa siku wakati wa kiangazi, na kila milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni sawa na lita moja. Matuta yenye mita za mraba 100 yanahitaji basi lita 400 hadi 500 kila siku, yaani ndoo 20 hadi 25 za lita ishirini. Kikundi kikipewa eneo mara nne ya hilo na kulilima lote, kinajitwisha ndoo 80 hadi 100 kwa siku, na mara nyingi wabebaji ni wale wale watu watatu waliokuwa wakimwagilia tangu mwanzo. Matuta mapya hukauka mwezi wa Agosti, na lawama huangukia mbegu.

Wengine hudhani kuwa simtanki litamaliza tatizo. Mbeya mjini hupata takriban milimita 900 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo paa la mita za mraba 100 linaweza kukusanya zaidi ya lita 70,000 hata baada ya kuondoa zinazopotea. Kiasi hicho kinavutia hadi utakapokumbuka kwamba mvua hiyo hunyesha wakati bustani haihitaji kumwagiliwa, na kwamba tanki la lita 5,000 lililojaa mwishoni mwa Aprili humaliza siku kumi hadi kumi na mbili tu kwenye matuta ya mita za mraba 100. Iringa mjini, ambako mvua ni haba kuliko Mbeya, hali ni ngumu zaidi. Tanki ni msaada mzuri wa kuziba siku ambazo bomba halitoi maji, lakini chanzo cha kudumu ni lazima kiwepo kabla jembe halijaingia kwenye eneo jipya. Matandazo ya nyasi kavu au maganda ya maharage, yanayopunguza maji yanayopotea kwa jua na upepo, ni upanuzi wa bei nafuu kuliko eka yoyote.

Kuna pia upanuzi wa kalenda. Chainizi iliyotunzwa vizuri inaweza kutoa kilo mbili hivi kwa kila mita ya mraba ya tuta, na tangu kupandikiza miche hadi kumaliza kuvuna hupita siku 40 hadi 60 kutegemea baridi. Watu 100 wanaokula gramu 200 za mboga kwa siku wanahitaji kilo 20 kila siku. Matuta ya mita za mraba 400, ambayo pamoja na njia za kupitia huchukua takriban mita za mraba 600 za ardhi, yanaweza kutoa kilo 800, ambazo ni mboga ya siku 40 kwa watu hao. Yakipandwa yote katika wiki moja, bustani itakuwa na mlima wa chainizi unaonyauka kwa wiki mbili, kisha itakaa wiki kadhaa bila chochote. Yakigawanywa katika vipande na kupandwa kimoja kila wiki, ardhi ile ile hulisha watu wale wale kwa mfululizo, ingawa kwa fungu dogo zaidi baridi inapochelewesha mavuno. Kikundi ambacho hakijafanya hivyo kwenye matuta yake ya sasa hakijafikia mpaka wa ardhi yake, na kwa maoni yangu hakina sababu ya kwenda kuomba nyingine.

"Mboga zikigawiwa, njaa imekwisha"

Fungu la chainizi mikononi mwa mtu asiye na moto ni mzigo. Ataliuza kwa bei ya kutupa au litanyauka kabla ya jioni. Kwa sababu hiyo bustani ya aina hii ina nusu mbili, shamba na jiko, na jiko ndilo linalopaswa kuamua shamba lipande nini. Kisamvu ni kitamu na kina lishe, lakini lazima kitwangwe na kuchemshwa kwa muda mrefu; kikundi kinachonunua mkaa kwa michango ya wanachama kitaona tofauti kati yake na chainizi, figiri au mchicha, ambavyo huiva kwa dakika chache. Maharage yana suala lake la pekee huku juu. Katika mwinuko wa mita 1,700 hivi, kama wa Mbeya, maji huchemka yakiwa na nyuzi joto karibu 94 badala ya 100, na ndiyo maana maharage huchukua muda mrefu zaidi jikoni kuliko Dar es Salaam. Kuyaloweka usiku kucha, kumwaga maji hayo na kufunika sufuria wakati wa kupika huokoa mkaa mwingi kuliko wapishi wengi wanavyodhani.

Kuna hesabu nyingine inayosahaulika. Gramu 200 za mboga za majani zina nishati ya takriban kilokalori 40 hadi 50, wakati mtu mzima anahitaji 2,000 na zaidi kwa siku. Mboga huleta vitamini A, foleti na madini ambayo ugali mtupu hauna, na hilo si jambo dogo kwa mtu aliyekula wanga peke yake kwa miezi, lakini kinachomshibisha ni unga na maharage. Mlo mmoja wa watu 100 unaweza kuhitaji kilo 25 za unga na kilo saba au nane za maharage makavu, na vitu hivyo kwa kawaida havitatoka kwenye matuta ya mjini. Vitatoka sokoni, kwa wakulima wanaochangia wakati wa mavuno, au kwa mauzo ya sehemu ya mboga. Mwaliko wa kuchangia unaosema kwamba "bustani italisha watu mia" bila kutaja unga unawaandaa wachangiaji kuvunjika moyo.

Kwa siku ambazo jiko haliwashwi, inafaa kuwa na tuta la vitu vinavyoliwa bila kupikwa, hasa karoti, pamoja na michungwa au miparachichi kando ya uzio. Hapo usafi unakuwa mkali zaidi. Samadi bichi isiwekwe kwenye tuta la karoti miezi minne ya mwisho kabla ya kuvuna, na maji ya mfereji wa mtaani yasitumike hata kama jirani anayatumia miaka yote bila tatizo alilolitambua. Anayelala nje akiharisha, choo hakiko karibu naye na maji ya kunywa huyapata kwa taabu.

"Udongo wetu ni wa volkano, hauhitaji mbolea"

Udongo mweusi wa Rungwe na sehemu za Mbeya una mboji nyingi na hushika unyevu vizuri, lakini udongo wa majivu ya volkano una tabia ya kuifunga fosforasi isiifikie mizizi, na maeneo yenye mvua nyingi hupata pia tatizo la tindikali. Iringa mjini, penye miamba ya matale, udongo ni wa aina nyingine kabisa, hivyo ushauri wa Tukuyu, huko Rungwe, usihamishiwe Kihesa, mjini Iringa, bila kupima. Chokaa ya kilimo hupunguza tindikali, na mawe ya chokaa yanapatikana hapa hapa, katika bonde la Songwe. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole kipo kandokando ya Jiji la Mbeya. Ni ajabu kwamba vikundi vingi hununua mbolea kwanza na kuuliza baadaye.

Jambo linalofanana na hilo ni mabonde. Wakulima wa Iringa wamelima vinyungu, yaani bustani za mabondeni zenye unyevu, kwa vizazi vingi, na anayetafuta eneo la kiangazi atavutiwa na ukingo wa mto Ruaha Mdogo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za binadamu za kudumu au zenye madhara kwa hifadhi ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Bustani ya hisani haina msamaha.

"Wanaokula waje walime, la sivyo tunalea uvivu"

Baadhi yao watapenda kulima, na wengine wanajua kilimo kuliko wanakamati. Lakini wanaolala nje si kundi moja. Wamo wabeba mizigo wa sokoni wanaofanya kazi tangu alfajiri na kushindwa kulipia chumba, wazee waliofukuzwa kwa tuhuma za uchawi, wagonjwa wa akili walioacha dawa, akina mama wenye watoto wachanga, na watoto waliokimbia kipigo. Kumtaka kila mmoja ashike jembe ndipo apewe sahani kunamwondoa anayehitaji zaidi na kumbakiza mwenye nguvu. Kwa watoto sheria nayo ina neno: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kufanya kazi, na taarifa za mtoto anayekuja kula peke yake zipelekwe kwa afisa ustawi wa jamii, naye asipewe keni ya kumwagilia. Atakayefanya kazi ya kutwa alipwe, hata kidogo, na chakula kibaki haki ya wote waliofika.

Linalowezekana kwa wote ni kuulizwa. Saa ya kugawa chakula, mahali, na hata kiasi cha chumvi ni mambo ambayo wapangaji huamua wakiwa wamekaa kwenye viti, kisha hushangaa kwa nini wabeba mizigo hawaji saa saba mchana, wakati ambapo malori yanashusha viazi.

"Mwenye eneo ametukubalia, inatosha"

Eneo la mjini lililo wazi leo huwa kiwanja cha ujenzi kesho. Ruhusa ya mdomo kutoka kwa mchungaji, imamu au mkuu wa shule hukoma anapohamishwa. Makubaliano yaandikwe na mmiliki, nakala ibaki kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na matumizi ya ardhi yathibitishwe kwenye idara ya mipango miji ya halmashauri. Yataje muda, nani analipia maji, nani ana haki juu ya tanki na uzio vitakavyojengwa, na notisi ya kuondoka isiyopungua miezi minne, kwa sababu kabichi iliyopandikizwa katika baridi ya Juni hukomaa kwenye Septemba au Oktoba.