Eti Ukalvini Uingereza ulikuwa wa Wapuritani tu?

Wengi wanaamini Ukalvini (mafundisho ya Yohana Kalvini, hasa kwamba Mungu ndiye anayechagua nani ataokoka) ni mambo ya Scotland na mhubiri wao John Knox, na kwa England ni wale Wapuritani wabishi tu (Waprotestanti waliotaka kanisa la England lisafishwe mabaki ya Ukatoliki), Waanglikana hawakuwemo. Hapana jamani. Mcheki John Whitgift, askofu mkuu wa Canterbury enzi za Elizabeth I, huyu jamaa aliwabana Wapuritani kwelikweli, akawasimamisha wachungaji waliogoma kusaini masharti yake ya 1583, halafu huyohuyo mwaka 1595 akapitisha vipengele 9 vya Lambeth (jina la kasri la askofu mkuu) vinavyosema Mungu tangu milele alishachagua nani ataokoka na nani hataokoka, yaani Kalvini mtupu! Malkia ndo akakasirika, akavizuia. Ugomvi mkubwa wa Whitgift na Wapuritani ulikuwa mavazi ya ibada, maaskofu na utaratibu wa kanisa, siyo wokovu. Hata James I, ambaye Wapuritani walimchosha kabisa, alituma wajumbe kwenye sinodi ya Dort 1618, mkutano wa kanisa huko Uholanzi uliotetea Ukalvini, na mmoja wao alikuwa askofu, George Carleton wa Llandaff. Mambo yaligeuka baadaye, Charles I alipompa nguvu William Laud, askofu aliyeupinga Ukalvini, hapo ndo Ukalvini ukaanza kuonekana dini ya wakorofi.