Kinga ya mbunge ina mipaka, na mkutano si kikao

Jumamosi nilikuwa kwa kinyozi hapa Area D. Kijana aliyekuwa anasubiri zamu yake akaniambia, "Mzee, Gwajima hawakumfanya kitu. Mbunge ana kinga, na adhabu yenyewe ilikuwa siku mbili tu." Nimestaafu baada ya miaka mingi ya kuandika Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, na maneno haya nimeyasikia mpaka yamenichosha.

Kisa chenyewe ni hiki. Josephat Gwajima, askofu wa kanisa la Ufufuo na Uzima, alishinda ubunge wa Kawe, Dar es Salaam, 2020 kwa tiketi ya CCM. Julai 2021 Rais Samia akachanjwa hadharani kuzindua chanjo ya Uviko, huku askofu akiwaambia waumini wake wasichanje. Akaitwa mbele ya Kamati ya Bunge ya Haki, Maadili na Madaraka, na tarehe 31 Agosti Bunge likamsimamisha mikutano miwili mfululizo. Mbunge mwenzake, Jerry Silaa, alipata adhabu hiyo hiyo kwa kauli zake kuhusu kodi na mishahara ya wabunge.

Mikutano, jamani, si vikao! Kikao ni siku moja: dua, maswali, hoja, mpaka Spika aahirishe. Mkutano ni vikao vingi vilivyofuatana, wiki mbili au zaidi, na ule wa bajeti huanza Aprili ukaisha mwishoni mwa Juni. Fungua Hansard yoyote, ukurasa wa kwanza: juu "Mkutano wa Nne", chini yake "Kikao cha Kwanza". Kuna usiku nilimrudishia kijana wa zamu rasimu nzima kwa sababu alikuwa amebadilisha maneno hayo mawili, na tulitoka ofisini saa saba. Alininunia, lakini mtu akisoma "vikao viwili" ataamini mbunge alikosa Jumanne na Jumatano, kumbe alikaa nje miezi.

Kinga nayo iko Ibara ya 100 ya Katiba: mbunge hashtakiwi mahakamani kwa alilolisema ndani ya Bunge. Madhabahuni si bungeni. Hata akiwa ndani, Bunge lenyewe linaweza kumwadhibu, na akipoteza uanachama wa chama chake, Ibara ya 71 inamwondolea kiti. Na kauli humgharimu mtu hata bila mahakama: Job Ndugai, Spika wa wakati huo, alikosoa mikopo ya serikali kwenye mkusanyiko wa Wagogo hapa hapa Dodoma, Desemba 2021. Januari 2022 akajiuzulu uspika, na hakuna hakimu aliyemgusa.

Mahubiri yale yaliniuma, kwa sababu nilizika watu mwaka ule. Lakini adhabu ile haijawahi kunikaa sawa moyoni. Kama aliyoyasema kanisani ni kosa la jinai, polisi na mahakama wapo. Bunge lilipomweka nje, jimbo zima la Kawe lilibaki bila mtu wa kusimama na kuuliza swali la nyongeza kuhusu barabara zao.